Kiingereza kwenye mbabula

Mama mmoja wa kundi letu alinunua mfuko wa unga uliotoka Zambia, ule ulioandikwa "Breakfast". Jioni watoto walipodai bukari, akawaambia wavumilie, unga huo ni wa asubuhi, ni wa uji tu. Binti yake wa sekondari ndiye aliyemtafsiria: "breakfast", chakula cha asubuhi. Binti hakukosea neno. Ila hakujua kwamba kwa Wazambia "Breakfast" ni jina la unga mweupe uliokobolewa sana, na "Roller" ni ule uliobaki na pumba kidogo, na unga wa namna zote mbili hupikwa bukari saa yoyote. Alipotusimulia Jumamosi tulicheka mpaka machozi. Yeye pia alicheka, ingawa siku ile watoto walilala na uji.

Wamama wapenzi, tangu hapo nimeacha kuanza somo la Kiingereza na "Good morning, how are you". Naanza na chakula.

Angalieni jikoni mwenu. Hapa Likasi vitu vingi hupitia Kasumbalesa: unga, mafuta, maziwa ya unga, uji wa watoto wachanga. Maandishi ya mifuko na makopo hayo mara nyingi ni ya Kiingereza. Sisi tulisoma kwa Kifaransa, Kiingereza tulikutana nacho sekondari, saa chache kwa juma, na wengi tulikariri sarufi bila kusoma hata kopo moja la maziwa. Kumbe kopo lina amri zake: chemsha maji, pima, koroga, usihifadhi. Mama asiyezielewa hupima kwa macho, na mtoto ndiye anayelipa.

Kuna sababu nyingine ninayoipenda zaidi kama mwalimu. Mtu anayejifunza lugha kwa kusoma habari za treni za London hubeba mizigo miwili kichwani, lugha asiyoijua na jambo asilolijua. Lakini mpe mama karatasi inayosema namna ya kupika lenga-lenga. Jambo analijua kuliko mwalimu. Akikwama kwenye neno "stir", anatazama mahali lilipo, baada ya kutia chumvi, kabla ya kufunika, na mkono wake wenyewe unamwambia kwamba ni kukoroga. Nimeona wamama ambao hawakumaliza sekondari wakiwashinda mabinti zao wenye diploma kwa njia hiyo.

Jambo moja lilinishangaza. Wale waliosoma sana Kifaransa ndio waliokosea zaidi. Katika Kifaransa maelezo ya mapishi mara nyingi huandikwa "laver, couper, ajouter", basi wao waliandika "To wash the leaves, to cut the onion". Kiingereza hakitaki hivyo. Kinataka "Wash. Cut. Add." Ni sawasawa na sisi tunavyomwambia mtoto nyumbani: sukula, kata, twanga, ongeza. Neno la kazi linakuja mbele, bila kutaja nani. Kwa hiyo nawaambia waache Kifaransa mlangoni, wawaze kwa Kiswahili. Na neno letu "mpaka" lina ndugu yake: "until". "Boil until soft", chemsha mpaka ilainike. Neno hilo moja linafaa kuliko saa ya ukutani, maana makala ya leo si makala ya jana.

Vitabu vya mapishi vya Marekani sivitumii. Vinasema washa tanuri digrii 350, na mtu asiyejua kwamba hiyo ni hesabu ya Fahrenheit, karibu 177 kwa hesabu yetu, ataogopa kuunguza nyumba. Tena nani ana tanuri, na umeme huu? Kiingereza cha majirani zetu wa Zambia kiko karibu zaidi na sisi. Wao mbabula huiita "brazier", na mboga yoyote ya kulia bukari huiita "relish". Mwingereza akisikia "relish" atafikiri achari. Haidhuru, wamama wetu hawaendi kununua London, wanaenda Chililabombwe na Kitwe.

Sasa niseme kosa langu, maana lilinifundisha kuliko ISP. Niliandika ubaoni namna ya kukaanga mandazi. Kwenye chumvi nilipaswa kuandika "1 tsp", nikaandika "1 tbsp". Herufi moja tu. "Tsp" ni "teaspoon", kijiko kidogo cha chai, mililita 5. "Tbsp" ni "tablespoon", kijiko kikubwa, mililita 15. Chumvi ikawa mara tatu. Wamama walifuata ubao kwa uaminifu, mandazi yakatoka mazuri kwa macho, na hakuna hata mbwa aliyeyataka. Unga ulikuwa wa kuchangia. Niliona haya.

Usiku nikawaza jambo jingine. Maji ya chumvi na sukari tunayompa mtoto mwenye kuharisha nayo ni mapishi. Lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote "level", yaani vimesawazishwa juu kwa kisu. Je, kama ningekosea pale? Chumvi mara tatu katika mwili wa mtoto ambaye tayari amekaukiwa maji ni hatari kubwa. Hata pakiti za dawa hiyo zinazouzwa tayari zinataka usomaji: angalia ni maji kiasi gani yaliyoandikwa, nyingi ni lita 1, na usimimine pakiti nzima katika kikombe. (Na mtoto asiyeweza kunywa, au anayeharisha damu, asingoje somo la mtu, apelekwe kituo cha afya.)

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata hatukupika kitu. Tulileta vijiko vya nyumbani, tukajaza maji, tukahesabu. Vijiko vitatu vidogo ndani ya kikubwa kimoja. Vijiko vingine vilikataa hesabu hiyo, kwa maana vya sokoni havilingani, na mama mmoja akagundua kwamba kijiko chake cha "chai" kinakaribia kile kikubwa cha mwenzake. Ilikuwa somo zuri kabisa, na Kiingereza chake kilikuwa maneno sita tu.

Kusoma ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuandika, na hapo ndipo penye taabu, kwa sababu tunachokijua sana hatukioni. Nilimwomba kila mmoja aandike namna ya kupika sombe, kisha mwenzake asome na kufanya kile tu kilichoandikwa. Kaye ya kwanza ilisema: "Take sombe. Put water. Put oil and salt. Eat." Msomaji akachukua majani mabichi, akayatia kwenye maji, akamimina mafuta, akakaa kungoja kula. Mwandishi akapiga kelele: "Utatwanga kwanza! Utachemsha!" Tukamuuliza, umeandika wapi?

Hapo sikuwaacha wacheke muda mrefu. Majani ya muhogo mabichi yana sumu, na mizizi ya muhogo mchungu pia. Hapa kwetu Kongo, katika nchi ya Kwango, daktari Trolli aliandika mwaka 1938 juu ya ugonjwa ambao Wayaka wanauita konzo, miguu iliyofungwa. Watoto na wamama hupooza miguu ghafula, na haiponi. Chanzo chake ni kula muhogo mchungu ambao haukulowekwa siku za kutosha, katika wakati ambapo hakuna chakula kingine cha kusaidia mwili. Mahali ambapo biashara ilikuwa na haraka, siku tatu za kuloweka zilipunguzwa. Hatua moja iliyoachwa, basi.

Sombe yetu iliandikwa upya na kundi zima, mara nne. Hii hapa, mkate muibandike ukutani:

"Wash the cassava leaves. Pound them well. Put them in a pot of water and boil without a lid for one hour, or until very soft. Add one onion, cut small. Add three tablespoons of palm oil and one level teaspoon of salt. Cook on a low fire for twenty minutes. Stir often. Serve hot with bukari."

"Without a lid" ni bila kufunika, kwa sababu sumu hutoka na mvuke. "Bukari" tumeiacha kama ilivyo. Anayetaka kujua maana yake, aje ale.

Kundi linalotaka kujaribu halihitaji mwalimu wa chuo. Tafuteni binti mmoja wa sekondari asiye na majivuno, mfuko mtupu na kopo tupu vyenye maandishi, na chakula ambacho mngekipika hata hivyo, ili makala yasipotee bure. Msianze na keki.

Jumamosi hii tupo kwenye munkoyo. Mama wa mfuko wa "Breakfast" ndiye anayeandika. Uji wa mahindi, uache upoe, tia mizizi iliyopondwa, vyote hivyo ameviweka vizuri kwa Kiingereza. Amekwama mwishoni, si kwa sababu ya lugha. Yeye ameandika "Leave it for one night". Jirani yake anasema usiku mmoja ni maji ya watoto, lazima "two nights". Tulifunga darasa bado wanabishana, na sasa walikuwa wanabishana kwa Kiingereza.