Kwa nini aliyeacha unga kijijini huurudia akifika mjini

Familia nyingi za Temeke na Kinondoni, Dar es Salaam, zinaijua safari hii. Kijana amezama kwenye unga, yaani heroini. Wazazi, wajomba na mashangazi wanakaa kikao, wanachanga nauli, anapelekwa kijijini kwa babu yake. Siku za mwanzo arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, inamtesa: anaharisha, anatapika, viungo vinauma, usingizi hauji. Kisha inapita. Anashika jembe, mwili unarudi, anacheka tena na watu. Baada ya miezi kadhaa anarejea Tandika au Mwananyamala, na nyumba nzima inamshukuru Mungu. Wiki haijaisha, yuko maskani na wenzake wa zamani.

Hapo maneno huanza. Huyu atasema kijana kalogwa. Yule atasema hana haya, amezoea vya bure. Swali ambalo haliulizwi ni hili: mwili wa kijana huyu umejifunza nini, na umejifunzia wapi? Saikolojia inalo jibu, na limo katika masomo ya mwanzo kabisa ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa. Jibu hilo lina haki ya kufika uswahilini, kwa sababu huko ndiko linakohitajika zaidi.

Mwili hujifunza bila kuulizwa

Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya usagaji wa chakula, aligundua kuwa mbwa wake walidondokwa mate kabla chakula hakijafika mdomoni. Chochote kilichozoea kutangulia chakula, hata mlio tu, kiliwatosha. Mbwa hakuamua kutoa mate. Mwili wake ulikuwa umeshajua kinachofuata.

Kwa mtumiaji wa heroini, vitangulizi ni vingi: uchochoro fulani, sauti ya rafiki, bomba la sindano, hata noti iliyokunjwa mfukoni. Kila kimoja kimetangulia kete ya unga mara mamia. Mwishowe akipita tu mahali pale moyo unamwenda mbio, tumbo linavurugika na hamu inampanda, ingawa asubuhi ameapa kwa dhati mbele ya mama yake.

Pavlov aliona pia kuwa mlio ukirudiwa bila chakula, mate hupungua hadi kukoma. Lakini baada ya mapumziko, mlio uleule uliyarudisha. Watafiti wa baadaye, akiwamo Mark Bouton wa Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, walionyesha kuwa zoea lililozimwa mahali pamoja linaweza kuwaka upya mnyama akirudishwa alikolipatia. Sasa tumtazame kijana wetu. Kule kijijini hakukuwa na uchochoro wala maskani, kwa hiyo zoea la Tandika halikuguswa. Lilibaki Tandika likimsubiri.

Nguvu ya mahali ilijitokeza pia baada ya vita vya Vietnam. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi wa Marekani waliorudi nyumbani mwaka 1971. Karibu mmoja kati ya watano alisema alikuwa mraibu wa heroini akiwa vitani, lakini katika mwaka wa kwanza nyumbani ni takriban asilimia 5 tu ya waraibu hao waliorudia uraibu. Wao walijifunzia Vietnam na kuiacha nyuma yao. Kijana wa Temeke amejifunzia mtaani kwao, na akipona hurudi palepale.

Kuna hatari nyingine ambayo kila mzazi anapaswa kuijua. Mwaka 1982 Shepard Siegel na wenzake nchini Canada waliwazoesha panya heroini kidogo kidogo, kisha wakawapa dozi kubwa. Waliopewa mahali walipozoea kupewa dawa walikufa asilimia 32. Waliopewa mahali pengine walikufa asilimia 64. Mwili uliozoea dawa hujiandaa kuipokea pale unapotambua dalili za ujio wake, na pasipo dalili hizo hukutwa haujajiandaa. Kwa binadamu aliyekaa miezi bila unga, hata ule uzoefu wenyewe huwa umepungua. Akirudi na kutumia kipimo chake cha zamani, pumzi inaweza kukatika. Ukimkuta mtu amezimika, anapumua kwa shida na midomo imebadilika rangi, mkimbize hospitali. Usimwache alale ukidhani stimu zitamtoka.

Nafuu inayokuja upesi

Mmarekani B. F. Skinner aliongeza somo la pili: tendo hudumu kwa sababu ya kinacholifuata, na kadiri tuzo inavyokuja upesi ndivyo zoea linavyokita. Unga unaodungwa mshipani huleta matokeo ndani ya sekunde. Ujira wa kibarua huja jioni, na heshima ya mtaa huja baada ya miaka. Mwanzoni kijana hufuata raha, lakini baadaye raha huisha, naye huendelea ili kuikimbia arosto. Kuondokewa na maumivu nako ni tuzo, tena kubwa.

Ukubwa wake ulionekana hapa hapa Dar es Salaam. Mwaka 2005 watafiti waliandika kuhusu wanawake waliokuwa wakijidunga damu ya mwenzao aliyetoka kujidunga, iliyovutwa ndani ya bomba la sindano, kwa imani kwamba imebaki na heroini ya kutuliza arosto. Mwenye kete alimsaidia asiye na pesa. Huruma hiyo ilifungua njia ya Virusi vya Ukimwi na homa ya ini.

Kinachofanyika kwenye dirisha la dawa

Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini, ikiwa kliniki ya kwanza ya umma ya aina hiyo katika Afrika bara kusini mwa Sahara. Mwananyamala ilifuata mwaka 2012 na Temeke mwaka 2014. Kusogeza huduma kulikuwa jambo kubwa, kwani dawa hufuatwa kila siku, na nauli ya daladala ya kwenda na kurudi kila siku ni mzigo kwa mtu asiye na kazi.

Wapo wanaouliza kama huku si kubadilisha unga kwa unga mwingine. Ni kweli methadoni ni jamii moja na heroini, na mwili huendelea kuitegemea kama mwenye kisukari anavyoitegemea insulini. Tofauti iko kwenye somo ambalo mwili unapewa. Methadoni hunywewa mbele ya mhudumu, hufanya kazi taratibu na hudumu siku nzima, wakati heroini humwacha mtu akitafuta kete nyingine baada ya saa chache. Arosto haimfukuzi tena. Dozi ikishawekwa sawa, hata akidunga unga hapati raha aliyoizoea, na sindano inaanza kupoteza tuzo yake.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba anayafanya haya akiwa nyumbani. Anapita uchochoro uleule, anasalimiana na watu walewale, na kinachofuata si kete. Siku baada ya siku, mtaa uliomfundisha unga unaanza kumfundisha kitu kingine.

Mtaa nao ni mwalimu

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Lee Ross alilipa jina kosa tunalolifanya sote: tukitazama tendo la mwenzetu tunalaumu tabia yake na kusahau mazingira yake. Mimi nikichelewa kazini, ni foleni ya Mbagala. Yeye akichelewa, ni mvivu. Kwa teja, yaani mtumiaji wa unga, kosa hili ni kali zaidi. Simu ya mtu inapotea, na kijana aliye mwezi wa nne kwenye methadoni ndiye wa kwanza kushikwa. Akiona kila mlango unamkataa isipokuwa maskani, atakwenda maskani, na tutasema tulijua.

Saikolojia haimwondolei mtu wajibu wa maisha yake. Inatuonyesha mahali pa kumshika mkono. Mpe kibarua na umlipe jioni ileile, kwa kuwa tuzo ya karibu ndiyo inayoshindana na kete. Msindikize kliniki wiki za mwanzo, wakati kila kona ya njia inamwita. Akiteleza, mrudishe kliniki siku hiyohiyo, maana zoea la zamani kuibuka tena ni jambo lililotarajiwa tangu siku za mbwa wa Pavlov.

Na familia inayochanga nauli leo ya kumpeleka kijana kwa babu, kwanza imfikishe Mwananyamala au Temeke akazungumze na wataalamu. Kama ameshakwenda na anakaribia kurudi, mpango wa kliniki, kazi na mtu wa kushinda naye uwe tayari kabla hajapanda basi la kurejea Dar es Salaam.