Kukodi vifaa vya kupandia Mlima Kilimanjaro

Kukodi vifaa vya kupandia Mlima Kilimanjaro ni desturi ya wapandaji kulipia matumizi ya nguo na zana za baridi kwa siku za safari tu, badala ya kuzinunua. Wakodishaji wako hasa katika miji ya Moshi na Arusha. Desturi hiyo inafanana na ile ya milima ya Alps huko Ulaya, ambako wageni hukodi skii pamoja na viatu vyake.

Sababu yake kubwa ni baridi. Mkazi wa Suguti, mkoani Mara, anaishi jirani na Ziwa Victoria, ambalo uso wake uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Kwa kuwa joto hupungua takriban nyuzi 6 za selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, tofauti kati ya sehemu hizo mbili inakaribia nyuzi 30, upepo ukiwa bado haujahesabiwa. Tena safari ya mwisho kuelekea kileleni kwa kawaida huanza karibu na usiku wa manane. Koti la kufaa baridi hiyo halina kazi ziwani.

Viatu ndivyo vinavyotaka uangalifu kuliko vyote. Hujaribiwa vikiwa na soksi nene zilezile zitakazovaliwa mlimani, na ni vyema kuvijaribu jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo mchana. Mguu ukisukumwa mbele hadi vidole viguse ncha ya kiatu ambacho hakijafungwa kamba, kidole kimoja cha mkono kipite nyuma ya kisigino. Kisha kamba zifungwe na mtu ashuke ngazi: vidole vikigonga mbele, kiatu hicho hakifai, hata kama kinapendeza. Anayetoka kileleni hushuka zaidi ya mita 2,000 siku hiyohiyo, na ndipo kucha hung'oka. Soli nayo ikunjwe kwa mikono, maana gundi na sponji yake huchakaa kwa umri, hata kiatu kikiwa kimekaa rafuni tu. Mwenye viatu vyake vilivyokwisha kuuzoea mguu afadhali aende navyo, akodi vitu vingine.

Mfuko wa kulalia hukunjuliwa na kuachwa dakika chache. Ule mzuri huvimba. Wenye mabonge ya manyoya au harufu ya unyevu umeshapoteza joto lake. Lebo nyingi huonyesha nyuzi zaidi ya moja: ya kulala kwa raha, na ya chini zaidi ambayo ni ya kunusurika tu. Ya kufuata ni ile ya kwanza. Zipu za koti, tochi ya kichwani na fimbo za kutembelea hukaguliwa hapohapo dukani.

Wanaohitaji zaidi vifaa hivyo pengine si watalii. Mpagazi hubeba mzigo ambao kikomo chake ni kilo 20, akipita katika baridi ileile, na wengi hawamudu bei ya koti wala viatu vya mlimani. Mjini Moshi, mradi wa kuwasaidia wapagazi unaojulikana kwa kifupi kama KPAP huwaazima nguo za mlimani bila malipo, na baadhi ya wapandaji huwaachia wapagazi nguo zao safari inapokwisha.