Linux, redio na washikaji wa mbali

Hivi ile kompyuta kuukuu uvunguni inangoja nini? Itie Linux, hulipi hata senti. Kisha weka WSJT-X, programu ya bure ya wapenzi wa redio za ridhaa, kazi iliyoanzishwa na Joe Taylor, mshindi wa Nobel ya fizikia 1993. Iunge na redio ya mawasiliano, chagua FT8, mtindo uliotoka 2017: ujumbe mfupi hurushwa kwa zamu za sekunde 15, na hunaswa hata ukimezwa na mikwaruzo.

Skrini tupu? Usione soo, waulize wakongwe. Mila yao ni kufundishana bure. Watakuuliza: "Saa ya kompyuta iko sawa?" Ikipishana sekunde chache tu, imekula kwako!

Ila angalia, mshikaji: kurusha bila leseni ni kesi. Leseni kwanza, kisha salimiana na dunia.