Matokeo ya Shule katika Wilaya Ndogo

Kila yatangazwapo matokeo ya mitihani, wilaya hupangwa kama ngalawa za mashindano: hii ya mbele, ile ya nyuma. Wilaya ndogo kama Mafia, mkoani Pwani, haifai kupimwa kwa mizani hiyo peke yake. Katika shule ya kisiwani yenye watahiniwa 10, mtoto mmoja akianguka, shule imepungua asilimia 10. Penye watahiniwa 200 huyo haonekani kabisa. Basi mwaka huu walimu husifiwa, mwaka wa pili hulaumiwa, na wao ni wale wale.

Lakini tusijifiche nyuma ya hesabu. Maradhi yapo, na mizizi yake i mbali na chumba cha mtihani. Yalipotoka Februari 2013 matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa wa Tanzania walipata daraja sifuri, hata serikali ikaamuru yapangwe upya. Lawama zikaenda sekondari. Mwaka 2015 ndipo mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipoelekezwa khasa kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Ada ilipoondolewa mwaka 2016, jambo la kheri, madarasa yalifurika, na mtoto asiyejua kusoma akapata pa kujificha.

Sisi tusomeshao vyuo vya Qur'ani twaijua hila yake. Mtoto huitoa sura kwa moyo, kidole kikipita juu ya mistari, na baba akafurahi. Mwalimu mzoefu humfungulia katikati ya ukurasa, akamwonyesha neno moja tu. Kuhifadhi ni jambo tukufu, wala simdharau mwenye kuhifadhi; lakini si kusoma. Mzazi, fanya vivyo hivyo kwa kitabu cha Kiswahili: funika picha, umwanzishie mstari wa tano. Akikwama, mwendee mwalimu wake wiki hiyo hiyo. Wala usiridhike kuambiwa kuwa amekuwa wa tatu. Uliza alama, kwani hata kati ya wasiojua pana wa tatu.

Aingiapo kidato cha kwanza, masomo yake karibu yote huwa kwa Kiingereza. Aliyekuwa akibahatisha Kiswahili hana pa kuuegemeza ugeni huo. Hapo ndipo kijana huanza kuonekana ufukweni siku za shule, akishusha samaki madauni, nasi twasema ameipenda bahari.