Uliacha hela kidogo kwenye ritani ya KRA? Irekebishe hivi

Ulifaili mwezi wa Juni, ukapata risiti ya KRA kwenye barua pepe, ukasahau maneno ya ushuru. Halafu siku moja unapitia stetimenti ya simu ukitafuta malipo fulani ya zamani, unakutana na pesa uliyolipwa mwaka uliopita ambayo hukuitaja popote. Si milioni. Ni elfu kumi na nane tu.

Hayo yalinipata mimi. Mwaka wa 2024 nilikuwa nimeajiriwa, na pembeni nikamtengenezea mwenye duka la nguo posti za mtandaoni. Alinilipa Sh6,000 mara tatu, zote kwa simu. Juni 2025 nikafaili nikitumia fomu ya P9 ya kazini peke yake. Septemba ndipo nikashtuka. Wazo la kwanza lilikuwa ninyamaze, nani atajua? La pili lilikuwa kwamba nikijitokeza nitapigwa faini ya kunimaliza. Kabla ya kuamua lolote, nilichukua kalamu nikapiga hesabu.

Mshahara wako ukishapita Sh32,333 kwa mwezi (na bado uko chini ya laki tano), kila shilingi ya ziada hutozwa asilimia 30. Kwa hivyo Sh18,000 zilinidai ushuru wa Sh5,400. Faini ya kuchelewa kulipa ni asilimia 5 ya ushuru huo, yaani Sh270. Kisha kuna riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi. Hapa wengi hukosea: ritani hufungwa 30 Juni, lakini ushuru wenyewe ulipaswa kulipwa kufikia 30 Aprili. Riba basi inaanza kuhesabiwa Mei. Kulipa Septemba ni miezi mitano, Sh54 kila mwezi, jumla Sh270. Deni lote likawa Sh5,940. Inauma, lakini si ya kumnyima mtu usingizi. Upande wa pili sasa: anayepatikana alificha mapato makusudi anaweza kutozwa faini ya asilimia 75 ya ushuru uliokosekana. Na pesa za simu zina kumbukumbu, zako na za aliyekulipa.

Kama kipato chako chote cha mwaka, pamoja na hicho ulichosahau, hakizidi Sh288,000, nafuu ya kibinafsi ya Sh28,800 inameza ushuru wote. Bado unatakiwa kukitaja, ila hutalipa kitu.

Si kila pesa iliyoingia kwenye laini yako ni mapato. Nauli uliyotumiwa na mamako, zamu yako ya chama, mkopo, rafiki aliyekurudishia pesa ya chakula, hizo ziache. Unachotafuta ni malipo ya kazi, faida ya biashara na kodi ya nyumba. Omba stetimenti ya kuanzia 1 Januari hadi 31 Desemba ya mwaka unaorekebisha, uipitie mstari kwa mstari ukiwa na kalamu. Ni kazi ya jioni moja. Ukiwa na chumba kimoja umekipangisha kwa Sh6,000 kwa mwezi, hiyo ni Sh72,000 kwa mwaka. Haifiki kiwango cha ule ushuru wa kila mwezi wa wenye nyumba, unaoanzia Sh288,000 kwa mwaka, na ndiyo maana wengi hudhani haihesabiki kabisa. Inahesabika. Inaingia kwenye ritani ya mwaka. Riba ya akiba kutoka benki ni tofauti: benki ilishakata asilimia 15, na hapo mambo yameisha.

Gharama za kupata hizo pesa unaweza kuzitoa, ila tangu 2024 KRA inataka uwe na ankara ya eTIMS. Mimi nilinunua bando kila wiki na sikuwa na ankara hata moja, kwa hivyo nikatangaza Sh18,000 nzima.

Marekebisho yenyewe yako kwenye iTax. Ingia na PIN yako, fungua menyu ya "Returns", chagua "File Amended Return", halafu ushuru wa mtu binafsi mkaazi na kipindi cha mwaka unaohusika. Kwa kuwa sasa una mshahara na mapato ya kando, ile fomu fupi ya waajiriwa haitoshi. Utapakua fomu ya Excel, na hiyo inataka kompyuta, simu itakusumbua tu. Ukienda saiba, kaa hapo hapo ujaze mwenyewe au uangalie ikijazwa, na usimwachie mtu nywila yako ya iTax. PIN ya pesa zako haihitajiki popote kwenye shughuli hii. Anayeiomba, ondoka.

Sasa shika hili hata ukisahau mengine yote: ritani ya marekebisho haiongezewi juu ya ile ya kwanza, inachukua nafasi yake. Unajaza kila kitu upya: mshahara kutoka P9, PAYE iliyokatwa, nafuu ya kibinafsi, bima kama ulikuwa nayo, kisha ndiyo uongeze kile ulichosahau. Ukijaza ile Sh18,000 peke yake, mfumo utaona mtu aliyepata Sh18,000 mwaka mzima. Utakuonyesha huna deni, utafurahi, na kumbe umefuta mshahara wako kwenye rekodi. Pale fomu inapouliza aina ya ritani, chagua "Amended". Iache "Original" na utarudishwa mwanzo.

Fomu ikikubali, itatengeneza faili la zip. Lipakie, upate risiti mpya, uitunze pamoja na ile ya zamani na stetimenti yako. KRA wanaweza kukuomba ushahidi baadaye.

Halafu ulipe, kwa sababu kufaili si kulipa. Kwenye menyu ya malipo, sajili malipo ya ushuru wa mapato, upewe karatasi yenye namba ya PRN. Kwenye simu unaweka namba ya Paybill iliyoandikwa kwenye karatasi hiyo, na PRN ndiyo inakaa mahali pa akaunti. Si PIN yako ya KRA, si jina lako, na si PRN ya mwaka jana uliyoipata kwenye ujumbe wa zamani. Linganisha tarakimu moja moja kabla ya kubonyeza. Siku chache baadaye rudi iTax uangalie leja, kwa sababu faini na riba zinaweza kuonekana hapo kama deni la kando linalotaka PRN yake.

Sheria inakuruhusu kuomba marekebisho ndani ya miaka mitano, kwa hivyo hata kosa la 2022 bado lina nafasi. Lakini riba haisubiri. Na kama KRA wameshakutumia makadirio yao wenyewe, njia inabadilika: hapo unaandika pingamizi, na una siku 30 pekee.

Kilichonisukuma mimi nisiahirishe hakikuwa hofu ya barua. Kuna kazi niliyokuwa naomba iliyotaka cheti cha kuonyesha kwamba nimetimiza masharti ya ushuru, na sikutaka kukiomba huku najua ritani yangu ina shimo. Nilifaili Jumatatu jioni, nikalipa usiku huo huo nikiwa kwa matatu, na leja iliposoma sufuri nikaomba cheti.