Cheti cha kifo: amana iliyosahaulika vijijini

 

Ndugu msomaji, mauti yanapoingia nyumbani, wengi wetu tunayajua vyema manne yanayomhusu maiti: kuoshwa, kukafiniwa, kuswaliwa na kuzikwa. Katika vijiji vya Bukoba na Muleba hayo hufanyika kwa haraka inavyopasa, na kaburi aghlabu huchimbwa ndani ya kibanja, kati ya migomba, jirani na waliotangulia. Kisha watu hutawanyika, na jambo moja hubakia nyuma: kuandikisha kifo chenyewe. Tumeona tulizungumzie hilo leo, kwani madhara yake huwaangukia wajane na mayatima.

Katika sheria yetu tarehe ya kifo si jambo dogo. Eda ya mjane asiye mjamzito ni miezi minne na siku kumi (Suratul Baqara, aya ya 234), nayo huhesabiwa tangu siku mume alipofariki, si siku habari zilipomfikia mke. Mirathi nayo humwendea aliyekuwa hai wakati marehemu anakata roho. Tuchukue mfano. Baba amefariki Jumatatu, na mwanawe mmoja akafariki Jumatano. Fungu la mwana huyo limekwishathibiti, na litawaendea warithi wake, wakiwemo mkewe na watoto wake. Lakini mwana akitangulia Jumatatu na baba akafuata Jumatano, watoto wale huzuiwa na ami zao waliopo, na hawana fungu kwa babu yao ila kwa wasia au hisani. Siku mbili tu ndizo zinazoamua iwapo mayatima wana haki katika kibanja. Je, ugomvi ukizuka baada ya miaka ishirini, nani atathibitisha siku hizo?

Utaratibu wenyewe si mgumu. Aliyefia hospitalini, iwe Rubya, Kagondo au Ndolage, hospitali hutoa taarifa ya kifo na kibali cha mazishi. Aliyefia nyumbani, ndugu humwendea afisa mtendaji wa eneo lao. Taarifa hiyo hupelekwa kwa msajili wa wilaya, na cheti hutolewa chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), uliozinduliwa mwaka 2006. Sheria imeweka siku 30 za kutoa taarifa. Aliyechelewa hafungiwi mlango, bali hutakiwa ushahidi zaidi. Hati hiyo ndiyo itakayotakiwa mahakamani wakati wa kuthibitisha msimamizi wa mirathi, na pia benki au kwenye mfuko wa pensheni.

Ama kwa waliofariki zamani, kazi huwa nzito. Utawala wa Kijerumani ulijenga kituo chake Bukoba mwaka 1890, na Waingereza wakatunga sheria ya usajili wa vizazi na vifo mwaka 1920. Sheria hiyo haikuwalazimisha Waafrika kujiandikisha. Hivyo asiyemwona babu yake daftarini asidhani kwamba ukurasa umepotea. Huenda hakuandikwa kabisa. Anayetafuta akumbuke pia kwamba Muleba ilikuwa sehemu ya Bukoba kabla ya kuwa wilaya yake yenyewe, na kwamba hadi mwaka 1979 mkoa uliitwa Ziwa Magharibi. Kumbukumbu za mtu wa Kamachumu au Nshamba zaweza kuwa zimekaa chini ya majina hayo ya zamani.

Pasipo na daftari la serikali, tutafute kwingine. Koo nyingi za Kihaya zina Waislamu na Wakristo ndani yake, na misheni za Kikatoliki, kuanzia ile ya Kashozi ya mwaka 1892, ziliweka vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi. Tarehe ya kifo cha ndugu Mkristo yaweza kusaidia kupanga nani alimtangulia nani. Kuna pia hukumu za mashauri ya ardhi na mirathi. Na wapo wazee, ambao waulizwe kwa matukio: alikufa kabla ya Uhuru au baada yake? Majeshi ya Amin yalipovuka mpaka mwaka 1978, alikuwa hai? Majibu yaandikwe, na mashahidi waweke sahihi.

Mkoa wa Kagera una funzo zito katika hili. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilizama karibu na Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakafariki. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Wengi walizikwa Igoma, Mwanza, mbali na vibanja vyao. Fuqahaa wa Shafi wamesema kwamba waliozama pamoja, ikawa haijulikani nani alitangulia, hawarithiani. Mali ya kila mmoja huwaendea warithi wake walio hai. Lakini hata hukumu hiyo yahitaji kwanza ithibitike kwamba fulani alikuwamo. Ndege ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, watu 19 wakafariki, walau orodha ya abiria 39 na wahudumu 4 ilikuwapo.

Basi tunapendekeza kila msikiti uwe na daftari la mazishi. Liandikwe jina kamili la marehemu, jina la baba, kijiji, siku, saa na mahali pa kaburi, kisha washuhudie wawili. Daftari hilo si badala ya cheti, bali litakuwa ushahidi wa kukiombea. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Suratul Baqara aya ya 282, inatuamrisha kuandika madeni na kuweka mashahidi. Ikiwa deni linaandikwa, vipi kuhusu kifo, ambacho nyuma yake kuna madeni, wasia, eda na mafungu ya warithi?

Imamu anayemaliza talakini na amuulize msimamizi wa msiba swali moja: nani atakwenda kwa mtendaji, na lini?