Kalsiamu Huru na Kalsiamu Iliyofungwa

Chumvi inapoyeyuka majini hugawanyika kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Mwaka 1923 Peter Debye na Erich Hückel walieleza kuwa kila ioni huzungukwa na wingu la ioni zenye chaji kinyume. Maelezo hayo yalifaa miyeyusho yenye chumvi kidogo. Mwaka 1926 Niels Bjerrum wa Denmark aliongeza kwamba ioni mbili za chaji kinyume zinazokaribiana mno hushikana na kuwa jozi. Katika maji ya nyuzi 25 za Selsiasi, ioni zenye chaji 1 kila moja huhesabiwa kuwa jozi zikiwa ndani ya nanometa 0.36, zenye chaji 2 kila moja, umbali huo huwa mara 4.

Hapo ndipo kalsiamu, yenye chaji 2, inapotofautiana na sodiamu, yenye chaji 1. Takriban nusu tu ya kalsiamu ya plazma ya damu iko huru. Sehemu kubwa ya iliyobaki imeshikwa na protini, na kiasi kidogo na fosfati, bikaboneti na sitrati. Moyo na misuli huitegemea ile iliyo huru.

Mgonjwa anayeongezewa damu nyingi kwa haraka hupokea pia sitrati, iliyotiwa ili damu isigande mfukoni. Sitrati hiyo huifunga kalsiamu yake. Kipimo cha kalsiamu yote chaweza kuonekana cha kawaida, ilhali midomo inakufa ganzi, misuli inakaza na moyo unadhoofika. Kwa mgonjwa huyo, ipimwe kalsiamu iliyo huru.